Punda Si Ng'ombe Mwenye Masikio Marefu

Kazi yangu ya kwanza ya kuandikia wateja wa mtandaoni ilikuwa makala ya maneno 1,000 kuhusu kwato za farasi wakati wa theluji. Nilikuwa Bondo, jua la Januari likichoma mabati, na farasi pekee niliowajua ni wale wa polisi kwenye gwaride, tena kwa televisheni. Nikasoma kurasa saba, nikazipanga upya, nikaeleza jinsi theluji inavyojikusanya na kuganda chini ya kwato, na jinsi wenye farasi wanavyopaka mafuta mazito kuizuia. Kila nilichoandika kilikuwa kweli. Mteja akalipa. Makala ikatoka kwa jina la mwanamke aliyepigwa picha mbele ya zizi.

Sioni haya kusema hivyo. Kazi ni kazi. Lakini aliyewahi kupika hotelini anajua mchuzi ulivyoongezwa maji. Tangu siku hizo nikisoma ushauri wa mifugo naweza kunusa kama aliyeuandika ana mnyama au hana. Asiye na mnyama huandika laini sana. Farasi wake hapigi teke, hakatai dawa, hana masikio asiyotaka yaguswe. Mwishoni anakunyunyizia "muone daktari wa mifugo" kama chumvi. Mwenye mnyama atakwambia simama upande huu wala si ule, na atakwambia pia siku gani dawa yake haikufanya kazi.

Sasa, Bondo hatuna farasi. Tuna punda. Ukishuka kuelekea Usigu na Usenge utawakuta wakipanda kutoka ziwani na mitungi: minne ya lita 20 ni kilo 80 kabla hujahesabu matandiko, na wengine bado wanarushiwa gunia juu. Shangazi yangu, Waya kama tunavyowaita dada za baba kwetu, ana punda wawili wa kuuza maji. Karo ya binti yake wa mwisho inabebwa na migongo hiyo miwili.

Mwaka huu mmoja wao alijaa kupe masikioni na chini ya mkia. Binamu akaja na video. Mwanamume mwenye koti jeupe, sauti ya uhakika, anachanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe na kusema nyunyizia wanyama wote wa boma, ng'ombe, mbuzi, hata punda. Wapendaji maelfu. Na dawa yenyewe ilikuwa tayari darini, imebaki ya ng'ombe. Bure kabisa, bana. Nani angekataa?

Nilichotaka kuona ni chupa, si video. Dawa ilikuwa amitrazi, inayotumika sana kwa kupe wa ng'ombe hapa Kenya. Karatasi ya chupa imeandikwa kwa herufi za sisimizi, nikawasha tochi ya simu, na huko chini kabisa: isitumiwe kwa farasi.

"Imesema farasi," binamu akajibu. "Huyu ni punda."

Usimcheke. Hapo ndipo penyewe. Karibu kila kitu utakachokuta mtandaoni kuhusu wanyama wa jamii hii kimeandikiwa farasi, na punda wakati mwingine ni farasi na wakati mwingine siye. Chukua dawa ya maumivu iitwayo fenilibutazoni: mwili wa punda huiondoa haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo ukifuata saa za farasi punda wako atakaa na maumivu, na kwa vile punda huficha maumivu utadhani amepona. Chukua uzito: farasi mkubwa wa Ulaya hufika kilo 500, na utepe wa kupimia uliotengenezewa farasi hudanganya ukizungushiwa punda. Hapo farasi si punda. Lakini matumbo yao yanafanana. Wote wawili huchachusha majani katika utumbo mkubwa, nyuma, si tumboni kama ng'ombe. Na amitrazi ikimwingia farasi hulaza utumbo huo: chakula kinasimama, kinakauka, kinaziba. Madaktari wa mifugo wa Australia waliliandika hilo mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo nikasema kwa jambo hili punda ahesabiwe farasi mpaka mwenye elimu aseme vinginevyo.

Waya alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza swali moja: "Huyo daktari wa video, punda wake yuko wapi?" Tukairudia video tangu mwanzo. Ng'ombe walikuwepo. Farasi mmoja alipita kwa sekunde mbili, picha ya kuazimwa. Punda hakuwepo hata mmoja.

Sitaki kusema kila cha mtandaoni ni takataka. Shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969, limeweka mtandaoni bila malipo kitabu kizima cha madaktari kuhusu magonjwa ya punda. Ndicho bora nilichopata. Ila hata hapo lazima usome ukijua uko wapi. Kurasa zao za wafugaji wa kawaida zinahangaika na punda wanene: wapunguzie majani, wape mabua makavu ya shayiri. Ushauri mzuri sana huko Devon. Ukimfanyia hivyo punda wa Usigu mwezi wa kiangazi, anayepanda kilima na kilo 80, utamzika. Maneno ni ya kweli, ila hakuandikiwa yeye.

Tukapiga simu kwa daktari wa mifugo ambaye jina lake limo katika orodha ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kabla hajajibu chochote, akauliza. Ana umri gani? Ana mimba? Anakula? Mavi ametoa mara ngapi leo, magumu au laini? Waya alijibu yote bila kufikiri, na mimi nikaona kitu ambacho video haiwezi kukifanya hata iwe na wapendaji wangapi. Lile la kula alilirudia mara mbili. Punda akiacha kula, akasema, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na anaweza kufa kwa hilo tu, hata kama kilichoanza kilikuwa kidogo. Amitrazi, hapana. Toeni kupe kwa mkono, mwanzieni shingoni azoee, masikio yawe mwisho. Yeye angekuja Alhamisi na dawa ambayo karatasi yake inamtaja punda.

Binamu alilalamika kuhusu gharama, na hakuwa mjinga. Ada na nauli ya boda ni maji ya siku kadhaa. Lakini Waya alikuwa na hesabu nyingine. Tangu vichinjio vya punda vilipofunguliwa nchini kuanzia 2016, ngozi zikienda Uchina kupikwa dawa iitwayo ejiao, punda waliibwa usiku na bei ikapanda. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaondoa marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha biashara hiyo ya ngozi barani. Hao waliokwisha kuchinjwa hawarudi. "Punda nikimpoteza," alisema, "nitabeba mimi."

Alhamisi daktari alikuja, saa nane badala ya saa nne. Punda alimpiga teke moja la haki kabla hajakubali kuguswa sikio.

Jioni Waya alirekodi sauti kwa Kijaluo na kuituma kwa akina mama wa chama chake: dawa ya kupe ya ng'ombe, ile ya chupa fulani, punda hapana, na someni karatasi mpaka chini. Kabla ya usiku ilikuwa imeshasambazwa hadi vikundi asivyovijua. Asubuhi mtu wa Uyoma akajibu, akiuliza: na mbwa je? Waya akanipa simu. "Usimjibu," akasema. "Muulize kwanza mbwa wake ana nini."