Tapeti Nane na Kalamu Nyekundu

Wapenzi wa lugha, leo naleta kisa cha gerejini, nacho kina deni langu ndani yake.

Gari langu ni Peugeot 504, kuukuu kama mwenyewe. Kizazi changu kilikua kikisimuliwa habari za Bert Shankland, dereva wa Tanzania aliyeshinda mbio za East African Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiendesha Peugeot 404. Nilipopata uwezo wa kununua gari, sikutaka jingine.

Siku moja, nikipanda kutoka Himo kwenda Marangu, nilisikia injini ikigonga: ti-ti-ti-ti, na kila nilipokanyaga mafuta mgongo ule uliongeza kasi. Fundi mmoja wa hapa Majengo akaseti tapeti, yaani akarekebisha ule upenyo mwembamba ulio juu ya kila valvu. Baada ya wiki mbili sauti ikarudi. Akaseti tena, ikarudi tena. Mara ya tatu aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho kama malenga apimaye mizani. Kisha akasema: "Mwalimu, hapa hakuna cha kuseti. Tapeti zenyewe zimekwisha."

Fundi huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Mwaka 1998, akiwa kidato cha pili, aliandika insha juu ya gereji ya baba yake. Ilikuwa insha hai, lakini nilipokuta maneno "tapeti", "hedi" na "kamshafti", niliyakata yote kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Si Kiswahili." Alikuja mezani kwangu na daftari mkononi, akauliza aandike nini badala yake. Nilimjibu akatafute. Ukweli ni kwamba sikuwa na neno la kumpa, nami sikukiri. Hakuniletea tena insha yenye gereji ndani yake.

Sasa nilikaa juu ya tairi chakavu nikimtazama akifundisha. Akafungua hedi, akazibana silivu zisisogee, kisha akachomoa tapeti nane, moja baada ya nyingine, na kuzipanga juu ya boksi alilolichora namba. "Kila moja ina mwenzake chini, Mwalimu. Ukizichanganya umeua injini." Akanieleza kwamba kamshafti huzunguka na vinundu vyake, kila kinundu huisukuma tapeti, tapeti huisukuma fimbo, fimbo huisukuma roka, na roka huifungua valvu. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 1,200, maana yake kila tapeti hupanda na kushuka mara 20 kwa sekunde moja. Akaweka rula kwenye kitako cha tapeti mpya: kilibinuka kidogo sana katikati, ili tapeti ijizungushe inapofanya kazi na isilike upande mmoja. Kitako cha yangu kilikuwa kimebonyea kama kijiko, kimejaa vidimbwi.

Nilimwomba abadilishe zile tatu mbovu zaidi tu, kwa kuwa pensheni ni ndogo. Alikataa kwa adabu. Vinundu viwili vya kamshafti vilikuwa vimelika pia, na tapeti mpya juu ya kinundu kilicholika huharibika upesi. Ilibidi tubadilishe vyote, kamshafti pamoja na tapeti zote nane.

Wakati tukisubiri vipuri, ualimu ulinirudia. Nilikaa usiku na makamusi yangu, nikaunda neno: kinyanyuzi, wingi vinyanyuzi, kwa kuwa kazi ya tapeti ni kunyanyua. Nililiona neno zuri, lenye mzizi wetu na ngeli yetu. Asubuhi nikaingia gerejini na kumwambia kijana msaidizi: "Mwanangu, hebu niletee kinyanyuzi kimoja nikitazame."

Akaniletea jeki.

Fundi alicheka hadi akaishika boneti. Mimi nilicheka baadaye. Kijana hakukosea hata kidogo, kwani jeki hunyanyua, na hunyanyua gari zima. Neno langu lilikuwa na sarufi safi, lakini halikujua linazungumzia nini. "Tapeti" limetoka Uingereza, ni kweli; lakini gerejini tapeti hugonga, tapeti huchoka, tapeti huseti­wa, na hakuna aletaye jeki. Tena nikakumbuka kwamba "parafujo" tulilipata kwa Wareno, na "usukani" tulilipata kwa Waarabu, ukiwa bado chomboni baharini, kabla haujahamia kwenye gari. Hakuna mwalimu aliyeyakata maneno hayo, au kama yupo aliyeyakata, mabaharia na mafundi hawakumsikia.

Siku ya kufunga, fundi alizipaka tapeti mpya oili nzito, akaziingiza, akafunga kila kitu. Injini ilipowaka hakuiacha ilale. Aliishikilia kwenye mzunguko wa kati kwa dakika 20, ili vinundu na tapeti vizoeane. Mgongo haukuwapo tena.

Wakati wa kulipa nilimwambia: "Ile insha ya 1998, nilikosea mimi." Alifuta mikono kwa kitambaa, akatazama chini. "Mwalimu, nilikuuliza niandike nini." Nikamwambia kwamba sikuwa najua, na kwamba hata sasa sijui. Akatikisa kichwa, akanirudishia chenji.

Sisemi kila neno la kigeni lipokewe bila kuhojiwa. Nasema tu kwamba nilimnyang'anya mtoto maneno yake nikiwa sina mengine mkononi. Malenga wenzangu, mwenye neno bora kuliko "tapeti" na alilete hapa. Lakini kwanza alipeleke gerejini asubuhi, aliseme mara moja, kisha atazame ataletewa nini.