Prof Alitoa Mugini

Sisi tuliokomalia Likasi mu miaka ya 1980, tulilelewa na mafumbo. Jioni, mama akiwa anapika bukari, nkambo wetu mwanamke alikaa pembeni ya mbabula na kutufumba: «Nyumba yangu haina mulango.» Tulitafuta, tulitafuta. Ukishindwa kuona lile yai, sheria ilikuwa moja: «Unipe mugini!» Ulitaja mugini wowote, nkambo akaupokea, akajisifu namna wanavyompokea kule na kuku na pombe, kisha njo akakupa jibu. Mkubwa ao mtoto, sheria ilikuwa ileile. Hata nkambo akishindwa, alitoa mugini.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiingereza mu masomo ya sekondari, na diploma yangu ya ISP. Kalasi yangu ina wanafunzi zaidi ya hamsini na kamusi moja tu, yangu, ile ndogo ya mufuko. Njo sababu kila siku ya tano, saa ya mwisho, tunacheza maneno. Ninaandika herufi moja ku ubao, kalasi inajigawa makundi mane, na kila kundi linatafuta maneno ya Kiingereza yenye ile herufi. Umeme ukikatika, si kitu. Chaki inatosha.

Mwanzoni watoto walipiga macho ku dari tu. Nikawafundisha hivi: usitafute herufi peke yake, tafuta rafiki yake. Q karibu kila mara inatembea na U: «queen», «quick». K inapenda kukaa nyuma ya C: «rock», «truck», «back». W inashikana na H na R: «what», «write». Na kwa Z, watoto wa hapa hawahangaiki: wanapiga kelele «zinc!» mbele hata sijamaliza kuandika. Baba zao walifanya kazi Shituru.

Kuna mchezo mkubwa wa namna hii, Scrabble, unaojulikana kwa jina hilo tangu 1948. Mwamerika aliyeuvumbua, Alfred Butts, alihesabu herufi mu magazeti: herufi inayoonekana sana ikapata alama kidogo, ile ya shida ikapata nyingi. Basi bei ya herufi inafuata lugha. Mu sanduku ya Kifaransa, K na W zina alama 10 kila moja. Mu ile ya Kiingereza, K ina 5, W ina 4. Na kwetu? Kuku, kazi, Kikula, wewe, bwana! Tungehesabu sisi, K ingekuwa ya bei ya chini kama maembe mwezi wa kumi na mbili.

Siku moja, mwaka 2017, niliandika W. Mtoto mwanamke mmoja wa kundi la nyuma, asiyesema sana, akasimama: «Bwana.» Kalasi yote ikacheka. Nikamwambia: «Mama, hiyo ni Kiswahili. Hapa tunatafuta Kiingereza.» Akajibu pole pole: «Prof, iko mu Kingereza pia. Minaiona mu kitabu ya baba.» Nikafuta neno lake ku ubao na kulipa kundi lake sufuri. Toka ile siku hakunyoosha mkono tena.

Kisha majuma mawili, nilikuwa ku Lubumbashi kwa rafiki mwenye kamusi nene ya Kiingereza. Nilikuwa ninatafuta kitu kingine, macho yakaangukia palepale: «bwana». Neno letu, Waingereza walilibeba kutoka Afrika ya Mashariki, kama walivyobeba «safari». Nikafungua O, nikakuta «okapi», nyama wa pori yetu ya Ituri, aliyeingia mu vitabu vya wanasayansi wa Uingereza mwaka 1901. Sikulala vizuri. Miaka yote ninafundisha watoto kwamba lugha yao inabaki nje ya mulango, kumbe iliingia zamani, ni mimi sikujua.

Siku ya tano iliyofuata nikasema mbele ya wote: «Mwenzenu alisema kweli. Mimi njo nilikosa.» Kimya. Kwetu si kawaida mkubwa kusema vile mbele ya watoto. Nikakumbuka mbabula ya nkambo, nikaongeza: «Nimeshindwa. Ninakupa mugini. Chagua.» Akafikiri, akacheka kidogo. «Prof, unipe Likasi.»

Nikaandika LIKASI ku ubao, tukatafuta ndani yake. Wakatoa «silk», «sail», «ski». Yeye akatoa «ask», ni kusema uliza. Tukaandika pia jina la zamani, JADOTVILLE, lile la Jean Jadot, injinia Mbelgiji na mkubwa wa Union Minière, lililoachwa mwaka 1966. Mule wakatoa «toil», kazi ya kuchosha, na «jail», kifungo. Nikafikiri juu ya wazee wetu. Lakini wakatoa pia «vote» na «love», kwa hiyo sikuhubiri. Mwisho nikawapa neno moja kutoka kwangu: «likasite», jiwe la rangi ya samawi lenye shaba, lililopewa jina la mji wetu mwaka 1955. Liko mu vitabu vya madini vya Kiingereza na vya Kifaransa. Walipiga makofi kama vile timu imeingiza bao.

Ndugu wasomaji, tunalia kwamba mafumbo ya wazee yanapotea sababu ya televisheni na telefone. Ni kweli, mbabula imezimika mu nyumba nyingi. Lakini tunaweza kuwaazima wazee ile sheria yao na kuipeleka mu kalasi, hata mu somo la lugha ya wageni: anayeshindwa atoe mugini, hata kama ni prof. Yule mtoto alimaliza masomo. Mpaka leo tukikutana ku soko ya Kikula, ananisalimia: «Prof, mugini wangu uko muzima?» Na mimi ninamjibu: «Uko, mama. Barabara tu njo mbaya.»