Ngoja Nisome Kwanza

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya vijijini. Leo nataka nikueleze kosa langu, ili wewe usilifanye.

Katika darasa moja alikuwapo mama aliyependa sana kuandika. Siku moja nilimwona ameshika chaki kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba. Aliwaambia wenzake kwamba ameanguka kisimani. Wenzake walipoondoka, akaniambia, "Mwalimu, sikuanguka. Ni baba watoto."

Nilimjibu kama nilivyozoea kuwasikia wakubwa wakijibu: "Vumilia, mama. Ndoa ndivyo ilivyo."

Majuma mawili hakuja darasani. Aliporudi, jicho moja lilikuwa limefumba, na meno mawili hayakuwapo. Hakunilaumu. Aliketi tu, akafungua daftari lake.

Jioni ile nilimwomba radhi. Kisha nikamwuliza swali nililopaswa kumwuliza tangu mwanzo: "Unataka tukusaidie nini?" Akasema anaogopa kulala nyumbani, na anataka kutibiwa. Bibi mmoja mjane, jirani yake, akampokea yeye na watoto.

Asubuhi tulikwenda naye polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Askari wa kike alimsikiliza chumbani, mbali na watu, akaandika maelezo yake. Alipomaliza, akasogeza kidau cha wino ili mama aweke dole gumba.

Mama akasema, "Ngoja nisome kwanza."

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kwenye mstari mmoja akasimama. Paliandikwa, "Alinisukuma." Mama akasema, "Hakunisukuma. Alinipiga kwa mpini wa jembe." Askari akasahihisha. Ndipo mama akaandika jina lake, kwa mkono wa kushoto.

Alipewa fomu ya polisi iitwayo PF3. Hospitalini daktari alimtibu, akaandika humo majeraha yote. Fomu hiyo ni ushahidi mahakamani. Kwa hiyo mtu akipigwa aende mapema, kabla alama hazijapotea.

Ndugu msomaji, wako wanaosema mume ana haki ya kumrudi mkewe kwa fimbo. Si kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria hiyo inamlinda mke, na inamlinda mume pia.

Msaada upo. Afisa ustawi wa jamii husaidia familia zenye shida kama hii. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, humwelekeza asiye na fedha za wakili. Lakini msaada wa kwanza hautoki ofisini. Unatoka kwa jirani anayefungua mlango usiku.

Mama yule sasa anaishi kwa kaka yake, na shauri lake lilifika mahakamani. Darasani bado anakuja.

Iko siku mtu atakuambia, "Sikuanguka." Usimwambie avumilie. Mwulize anataka nini, kisha fuatana naye.

Jadilianeni darasani: Katika kijiji chetu, mtu aliyepigwa usiku atabisha hodi kwa nani?