Gari moja, meza kumi



Juma hili tunazungumza juu ya jambo linalosemwa sokoni, mbele ya kanisa na kwenye mlango wa masomo: maduka makubwa. Tangu Kolwezi iwe mji mkuu wa jimbo la Lualaba mwaka 2015, watu wameongezeka, magari yameongezeka, na maduka yenye milango ya vioo yanazidi kuota. Kila mara inaposikika kwamba duka lingine linakuja, kubwa kuliko yote, watu wanagawanyika. Wengine wanasema: lije, tumechoka kununua samaki kwenye jua. Wengine wanasema: likija, sisi tutauza wapi? Pande zote mbili husahau kuuliza swali moja: magari yatakaa wapi?

Swali hilo linaonekana kama kazi ya mainjinia. Lakini tutembee kidogo katika mji wetu, tukiangalia njia na kando ya njia, tutaona kwamba linatuhusu sisi wamama kwanza.

Tuanze pale njia ya Likasi inapoingia mjini. Kutoka Lubumbashi hadi kwetu ni karibu kilomita 300. Malori yanaleta mafuta, asidi, mashine na unga. Yanarudi na shaba na kobalti kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Sheria za nchi za SADC zinaruhusu lori lenye remorki mbili kufika urefu wa mita 22 na uzito wa tani 56. Dereva wa mzigo kama huo hasimami ghafula, wala hageuki kama manseba. Hatujasahau Februari 2019, wakati lori la asidi ya salfuriki lilipogongana na magari mengine katika kijiji cha Kabwe, kwenye njia hiyo ya Lubumbashi, na watu karibu 20 wakapoteza maisha. Walikuwa abiria na watu waliokuwa kando ya njia tu.

Njia yetu haikujengewa mzigo huu wote. Reli ya kutoka Tenke kwenda Dilolo ilifika mwaka 1931, hata kabla ya mji wenyewe, na kwa miaka mingi shaba ilipita huko hadi bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipofunga njia ile mwaka 1975, na reli yetu yenyewe ilipochakaa, mzigo ulihamia kwenye barabara. Sasa treni za Lobito zimeanza tena kubeba shaba kidogo, nasi tunafurahi. Lakini leo, mtoto anayevuka kwenda masomo bado anavuka mbele ya malori.

Kabla hujaingia mjini kabisa unapita Musompo. Zamani depo za madini zilikuwa zimesambaa kando ya njia na hata katikati ya nyumba za watu, na kila depo ilikuwa na lori lake mlangoni. Serikali ya jimbo ikajenga kituo kimoja cha biashara ya madini pale Musompo, ili wanunuzi wahamie huko. Kila mtu ana maneno yake juu ya kuhama huko, na si yote ni ya furaha. Lakini kumbukeni jambo moja: wakubwa walikubali kwamba biashara inayoita malori lazima iwe na uwanja wake yenyewe, isitumie njia ya watu kama uwanja. Ikiwa neno hilo ni kweli kwa kobalti, ni kweli pia kwa sukari na maziwa ya unga.

Sasa tuingie mjini. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière. Upande mmoja nyumba za wazungu na njia pana zenye miti. Upande mwingine siti ya Manika. Na karibu na machimbo, kambi za wafanyakazi kama Musonoi. Katika mpango ule hapakuwa na haja ya soko kubwa kwa mke wa mfanyakazi, kwa sababu kampuni ilimpa posho. Wazee wetu wanakumbuka kantini: unapanga mstari, unapokea unga na chakula kingine kadiri ya hesabu ya watoto wako. Kampuni ilipokuwa Gécamines, mfuko wa unga uliendelea kuja nyumbani. Duka kubwa la kwanza la Kolwezi, basi, lilikuwa kantini, na mteja wake alikuja kwa miguu.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mishahara ikakatika miezi na miezi, unga ukaacha kuja. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba alirudi nyumbani na bahasha iliyokwisha upesi. Ni wakati huo meza zilipoongezeka kando ya njia. Mama aliyekuwa akingoja mfuko wa kampuni alitoa meza ya nyumbani, akaiweka mbele ya lango, akapanga tomate, chumvi, mafuta katika chupa ndogo, na unga wa kupima kwa meka. Watoto wengi waliomaliza masomo katika mji huu walilipiwa na meza hizo.

Kwa hiyo mtu akisema kando ya njia ni mahali patupu panapongoja kuwa parkingi, hajui historia ya mahali pale. Ile ndiyo kantini yetu ya pili, na tuliijenga wenyewe.

Tuchukue kamba tupime. Gari dogo likisimama linahitaji nafasi ya mita 2.5 kwa mita 5. Ongeza mahali pa kugeukia na kutokea, unafika karibu mita 25 za mraba kwa gari moja. Meza ya mama, pamoja na kiti chake na mahali pa mteja kusimama, haipiti mita 2.5 za mraba. Hesabu ni rahisi: gari moja ni meza kumi. Parkingi ya magari 40, ambayo kwa duka kubwa ni ndogo, inakula mita 1,000 za mraba, ndiyo kusema meza 400. Nyuma ya kila meza kuna sufuria ya bukari.

Na duka likikosa parkingi yake, magari hayapotei. Yatasimama kando ya njia, pale pale penye meza. Mwenye gari atapiga honi, polisi wa barabara watakuja, na katika ugomvi huo si gari litakaloambiwa liondoke kwanza. Halafu watu wanaotembea, wakikosa pembeni, wanashuka katikati ya njia pamoja na manseba na malori.

Jambo lingine ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili tunajua anga letu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50 ikianguka juu ya parkingi ya saruji ya mita 1,000 za mraba, ni lita 50,000, na saruji hainywi maji. Bila mfereji mzuri, maji yale yataingia katika kiwanja cha jirani wa chini. Mwenye duka atakuwa na paa. Jirani atakuwa na shimo.

Lakini tuseme ukweli wote, maana kijarida hiki kinasomwa pia na wamama wanaolitaka duka. Sababu zao ni nzuri. Samaki wa barafu anakaa salama ndani ya friji. Tarehe imeandikwa kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Bei imebandikwa, na hakuna mtu wa kukupunja kwenye mizani. Mama mwenye mimba anapata kivuli na choo. Wasichana waliomaliza masomo wanapata kazi ya kuketi kwenye kasha. Tena sote tunajua kwamba unga wetu mwingi unatoka Zambia, na Zambia ikifunga mpaka, bei ya meka inapanda kwa siku chache. Mwenye ghala kubwa anaweza kupunguza mshtuko huo, akitaka. Hakuna haja ya kumchukia mtu kwa sababu ana rafu ndefu.

Haja ni kuuliza mapema, na majirani zetu wametufundisha. Huko Chipata, mashariki mwa Zambia, Shoprite ilipofungua duka, mboga zilikuwa zinaletwa kutoka mbali huku wakulima wa hapo wakiziona zao zikioza. Walikasirika hata wakatishia kulichoma duka. Baadaye walikaa pamoja, na wakulima wa vijiji vya karibu wakapata njia ya kuuza mboga zao dukani. Mazungumzo yangefanywa kabla ya kufungua, hasira ile isingekuwako. Sisi pia tuna lenga-lenga, sombe, na samaki wa ziwa Nzilo. Tena mboga inayotoka Kolwezi haihitaji lori la mita 22. Inakuja kwa mkokoteni.

Na Tanzania inatufundisha neno la pili. Mwaka 2014 Shoprite iliuza maduka yake ya huko kwa Nakumatt ya Kenya, na Nakumatt yenyewe ikaanguka katika madeni. Mwezi wa kwanza wa 2020 wadai wake walikubali ifungwe kabisa. Duka kubwa linaweza kuja kwa sherehe na kuondoka kimya. Soko likiisha kuvunjwa kwa ajili yake, haliwezi kurudi kesho yake asubuhi. Wateja wamezoea njia nyingine, na mama amekwisha kula mtaji wake.

Basi, tunapendekeza tupeleke maswali matano kwa wakubwa wa komini ya Manika na ya Dilala, na kwa meya, kila mara ruhusa ya kujenga duka kubwa inapoombwa.

La kwanza: malori ya mizigo yatashushia wapi, na saa ngapi? Tunaomba uwanja wa ndani, lori liingie zima na ligeuke ndani, tena si wakati watoto wanaenda au wanatoka masomo.

La pili: lango la magari litafunguka upande gani? Likifunguka kwenye njia kubwa ya malori, kila gari linalongoja kuingia litafunga njia ya wote.

La tatu: mteja asiye na gari amewekewa nini? Wengi wetu tutakuja kwa miguu, kwa teksi-basi au kwa manseba. Mahali pa gari moja panatosha pikipiki kadhaa. Tunataka pembe ya manseba, mahali pa teksi-basi kusimama, na pembeni pa kutembea pasipokaliwa na magari.

La nne: meza zilizopo sasa zihesabiwe kabla ya kitu chochote kubomolewa, kwa majina, na wenye meza wenyewe wakiwapo. Ikiwa lazima ziondoke, ziende mahali ambapo wateja wanapita, penye paa, maji na choo. Mahali pa mbali pasipo na mteja ni kufukuzwa tu.

La tano: maji ya mvua yataelekea wapi? Mfereji uonekane kwenye ramani kabla ya kuonekana nyumbani kwa jirani.

Maswali haya hayamzuii mtu kujenga. Mwenye duka mwerevu atayapenda, kwa sababu duka lenye foleni ya magari na ugomvi mlangoni halina faida ndefu. Na wakubwa wasituambie kwamba haya ni mambo ya mainjinia peke yao. Injinia anajua upana wa njia. Mama anayeketi pale tangu saa kumi na mbili ya asubuhi anajua ni saa gani lori linapita, ni wapi mtoto aligongwa, na ni wapi maji yanasimama.

Kwa hiyo kazi ya juma hili ni ndogo. Kila mmoja wenu ahesabu meza zilizo katika njia yake, tangu kona hadi kona, na aandike pia mahali magari yanaposimama na mahali watoto wanapovuka. Asiyeweza kuandika amtume kijana wake wa masomo. Leteni karatasi hizo kwenye mkutano wetu ujao. Tutazijumlisha pamoja, na siku tutakapoitwa kuongea juu ya duka, tuwe na hesabu mkononi.