Ghuba ya Grand Port, Kisiwani Morisi

Kusini-mashariki mwa Morisi, jirani yetu wa Bahari ya Hindi aliye mashariki ya Madagaska, pana ghuba iitwayo Grand Port. Maji yake hupendeza macho, bali chini yamejaa matumbawe, na njia ya vyombo ni nyembamba. Mlangoni pana kisiwa kidogo, Île de la Passe, chenye magofu ya ngome.

Mwaka 1810 Morisi ilitawaliwa na Ufaransa, ikiitwa Isle de France. Manowari zilitoka humo kuteka merikebu za biashara za Waingereza. Kwa hiyo mwezi wa Agosti Waingereza waliiteka Île de la Passe, wakaacha bendera ya Kifaransa ipepee kwa hila. Tarehe 20 merikebu za Kamanda Duperré zilidanganyika, zikapigwa mizinga mlangoni; hata hivyo zilipenya, zikatia nanga ndani ya ghuba.

Tarehe 23 jioni Kapteni Pym aliziendea na manowari nne. Hapo matumbawe yakaamua vita. Sirius na Magicienne zilipanda mwamba, na baadaye mabaharia wake wenyewe wakazichoma moto. Nereide ilibaki ikipigwa karibu peke yake, hata watu zaidi ya 200 wakauawa au kujeruhiwa. Iphigenia nayo ilisalimu amri siku chache baadaye. Jina la ushindi huo limechongwa katika Arc de Triomphe mjini Paris.

Walakini furaha hiyo haikudumu. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo Waingereza walirudi na jeshi kubwa, wakashuka pwani ya kaskazini, na mwanzoni mwa Desemba wakakitwaa kisiwa kizima.

Katika mji wa Mahébourg, kando ya ghuba, lingaliko jumba walimouguzwa Duperré na adui yake Willoughby, nahodha wa Nereide, chini ya paa moja. Leo ni makumbusho ya taifa. Wakuu hao walipata tabibu na kitanda. Lakini watumwa waliolima kisiwani, wengi wao wakiwa wametolewa Madagaska, Msumbiji na hata Kilwa, walibadilishiwa bendera tu. Jembe lilibaki lile lile. Utumwa haukufutwa ila mwaka 1835, na uhuru wa nchi ulipatikana tarehe 12 Machi 1968. Wahenga hawakukosea: fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.