Rangi Nyeusi Isiyong'aa

Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo hupita Biharamulo na Ngara. Mwenye gari kuukuu na fedha haba huko aweza kulipaka rangi nyeusi isiyong'aa uani kwake, kwa brashi. Rangi hiyo ina huruma: hairudishi nuru, kwa hiyo mibonyeo ya bodi haionekani upesi. Lakini kutu haisamehe. Iliyofunikwa pasipo kupigwa msasa hula chuma gizani, hata rangi ikavimba na kubanduka. Vumbi jekundu nalo hujiandika juu ya weusi, na kadi ya gari ingali yataja rangi ya kale mpaka irekebishwe. Kopo la rangi ni gharama ndogo. Msasa, maji na subira ndiyo gharama iliyobaki, na hiyo maskini anayo.