Kiingereza si Kukariri Majina



Wakati huu wenzangu wa darasa la mwisho wanakesha na kaye zao juu ya mtihani wa Serikali. Ukipita karibu nao utasikia: “Metaphor ni nini? Present perfect inaundwa namna gani?” Majibu yanatoka upesi, kama ya kasuku. Lakini mwalimu akileta maandishi mapya, wengi wananyamaza. Majina wanayajua, vitu vyenyewe hawavitambui. Na mtihani ule hauombi kukariri: unakupa maandishi ya kusoma na majibu ya kuchagua.

Mimi ninaona dawa iko karibu: tuanze na maneno ya kwetu. Chukueni sentensi moja ambayo kila mtu wa Uvira anaielewa: mto umekula nyumba. Mwezi wa 4, mwaka 2020, Mulongwe ilifurika, ikabeba nyumba na watu. Je, mto una kinywa? Hapana. Tumeupa kazi ya mwenye uhai, na Waingereza wanaita hiyo “personification”. Tukisema mto ulikuwa kama simba, ni “simile”. Tukiondoa “kama” na kusema mto ule ni simba, ni “metaphor”. Lakini jina ni kazi ya mwisho. Kwanza jiulize: kwa nini kula, si kubomoa? Anayebomoa ana nguvu tu. Anayekula ana njaa, na mwenye njaa anaweza kurudi.

Sasa sarufi. Hapa Kifaransa kinatuchanganya: “j'ai mangé” ni nimekula, tena ni nilikula. Kiingereza kinatenganisha, karibu sawa na Kiswahili: “I have eaten”, “I ate”. Ukitaja siku iliyopita, “have” inaondoka: “The river ate the houses in 2020.” Lakini mama aliyepoteza nyumba yake na hajapata ingine, yeye atasema “has eaten”, kwa kuwa kwake jambo lile halijaisha. Mnaona? Silabi moja tu, -li- ao -me-, na huzuni yote imo ndani.

Jambo lingine, na hili sisi makapita tunalijua sana. Ukiuliza nani alivunja kioo cha dirisha, unajibiwa: “Kilivunjika.” Hakuna anayesema “kilivunjwa”, maana hapo utauliza: na nani? Kiingereza nacho kina njia hizo mbili: “The glass broke”, “The glass was broken”. Kumbe mtu anaweza kufichwa ndani ya sarufi, na msomaji mzuri anamtafuta.

Tena kuna kusema hivi na kumaanisha vile, ndiyo “irony”. Katika mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, Antony anamsifu Brutus mbele ya watu, anarudia na kurudia, mpaka sifa zinageuka mashitaka. Julius Nyerere alitafsiri mchezo huo kwa Kiswahili, ukatolewa mwaka 1963, na ukali wake haukupotea njiani. Hata nyumbani iko vile: mama akikuambia, “Asante baba, umefagia vizuri kabisa,” na takataka ziko palepale, umeelewa “irony” bila kufungua kaye.

Basi ndugu zangu, kabla ya kuandika jina lolote, tuulize maswali matatu: nani anatenda? Lini? Kwa nini neno hili na si lingine? Wadogo zetu wa madarasa ya chini, musingoje mwaka wa mwisho. Kila mmoja alete sentensi moja ya nyumbani kwao, kisha tutafute pamoja namna ya kuisema kwa Kiingereza bila kupoteza kitu.